Walipiga Kura, Kisha Wakashika Kasia

Wavuta makasia wa meli ya pili walikula bila kuacha kazi. Chakula chao kilikuwa unga wa shayiri uliokandwa kwa divai na mafuta ya zeituni. Walitafuna huku mikono ikiendelea kuvuta, na usingizi wakaupata kwa zamu. Shayiri na divai hiyo haikutoka katika hazina ya Athene. Ilitolewa na wajumbe wa Mitilene waliokuwa mjini humo, ambao pia waliwaahidi mabaharia zawadi kubwa kama wangeiwahi meli ya kwanza.

Meli ya kwanza ilikuwa imetangulia kwa karibu siku nzima na usiku wake, na ilibeba azimio la wananchi wa Athene: wanaume wazima wote wa Mitilene wauawe, wanawake na watoto wauzwe utumwani. Huo ulikuwa mwaka 427 KK, katika Ugiriki ya kale, wakati wa vita kati ya Athene na Sparta. Mitilene, mji mkubwa wa kisiwa cha Lesbos, ulikuwa umeasi muungano ulioongozwa na Athene, ukazingirwa, ukasalimu amri. (Msomaji wa Matendo ya Mitume amewahi kukutana na jina hilo, Paulo alipita hapo karibu karne tano baadaye.) Thucydides, mwanahistoria Mwathene aliyeishi wakati wa vita hivyo, anasema meli ya kwanza haikujihimiza, maana kazi iliyotumwa iliwachukiza hata waliotumwa. Ya pili ilifika wakati Paches, kamanda wa Athene kule, amekwisha kulisoma azimio na yuko karibu kulitekeleza.

Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi kwamba demokrasia hujisahihisha. Sawa. Lakini wasimulizi wengi huishia pale gatini, hawafungui ukurasa unaofuata. Wamitilene waliohesabiwa kuwa vinara wa uasi, zaidi ya 1,000 kwa idadi aliyoiandika Thucydides, waliuawa kwa hoja ya Cleon, mwanasiasa yule yule aliyetaka wote wauawe. Ardhi ya waasi ikakatwa vipande 3,000. 300 vikawekwa wakfu kwa miungu, vilivyobaki wakagawiwa Waathene, na wenyeji wakaendelea kuvilima wakilipa kodi kwa mabwana wapya. Huo ndio uliokuwa upole.

Kuna hoja ninayoisikia kila vita vinapozuka mahali popote duniani, vijiweni na redioni: wanaoamua vita wapelekwe wao wenyewe mstari wa mbele, uone kama vita havitakwisha kesho. Ni hoja tamu, na mimi niliiamini kwa miaka mingi. Athene ndiyo iliyonitoa huko, kwa sababu pale hoja hiyo ilijaribiwa kwa vitendo, kwa miongo mingi, na watu wenye akili zao timamu.

Tazama jinsi mambo yalivyopangwa. Vita na amani viliamuliwa juu ya kilima cha Pnyx, katika mkutano uliokuwa wazi kwa kila raia mwanamume. Uwanja ule ulitosha watu wapatao 6,000. Hapakuwa na wabunge wa kuwasemea wengine. Mtu alisimama akasema lake, kisha mikono ikainuliwa na kuhesabiwa kwa macho. Na mikono ile ile ndiyo iliyobeba silaha. Raia aliitwa vitani tangu miaka 18 hadi karibu 60. Mwenye mali kiasi alijinunulia ngao, chapeo na mkuki, akasimama katika safu ya askari wa miguu. Asiye na mali alishika kasia, ingawa benchini alikaa pamoja na wageni na hata watumwa. Majenerali kumi walichaguliwa kila mwaka, na hawakuwa na kinga: mwaka 406 KK sita waliuawa kwa kura ya wananchi baada ya kushinda vita vya baharini vya Arginusae, kosa lao likiwa kuwaacha majini mabaharia wa meli zilizovunjika.

Hata wasomi na washairi hawakukaa pembeni. Aeschylus, baba wa tamthilia za tanzia, inasimuliwa kwamba kaburi lake liliandikwa kuwa alipigana Marathon, katika vita na Waajemi. Tamthilia zake hazikutajwa hata moja. Sophocles alikuwa jenerali katika vita dhidi ya kisiwa cha Samos. Socrates, yule mzee wa maswali, alibeba ngao katika mapigano ya Potidaea, Delium na Amphipolis. Thucydides mwenyewe alikuwa jenerali, akachelewa kuuokoa mji wa Amphipolis mwaka 424 KK, akaishi uhamishoni miaka 20.

Kwa hiyo hawa hawakuvijua vita kwa kusimuliwa. Askari wa safu alibeba ngao ya mbao na shaba yenye upana wa karibu mita moja, ambayo ilimkinga nusu yake na kumkinga nusu jirani yake wa kushoto. Thucydides ana maelezo madogo kuhusu jambo hili ambayo kwangu yana uzito kuliko hotuba nyingi: anasema kila jeshi likisogea kukutana na adui hupinda kuelekea kulia, kwa sababu kila mtu, kwa hofu, anausogeza ubavu wake usio na kinga karibu na ngao ya mwenzake. Maelfu ya watu wazima, wameshikana ubavu kwa ubavu, na hofu yao inaonekana kwa macho katika mstari unaokwenda mshazari. Aliyeyaandika hayo alikuwa ameamuru askari, na wasomaji wake wa kwanza walielewa bila kufafanuliwa.

Basi kwa nini watu waliojua haya yote waliinua mikono?

Jibu la haraka ni fedha, na si jibu la kudharau. Talanta moja ya fedha ilikuwa drakma 6,000. Meli ya kivita ilibeba watu kama 200. Ukimlipa kila mmoja drakma moja kwa siku, talanta moja inaendesha meli moja kwa siku 30 kamili. Mwanzoni mwa vita na Sparta, mwaka 431 KK, Athene ilikuwa ikipokea talanta zipatazo 600 kwa mwaka kutoka kwa washirika wake, na “washirika” hapa ni neno la heshima kwa miji iliyotozwa. Kwa maskini wa Piraeus, bandari ya Athene, himaya haikuwa wazo la wakubwa. Ilikuwa mshahara, na baada ya ushindi ilikuwa shamba katika kisiwa cha mtu mwingine.

Mwaka 415 KK mkutano ulijadili kuivamia Sisilia, kisiwa ambacho wengi wa wapiga kura, asema Thucydides, hawakujua ukubwa wake wala wingi wa watu wake. Nicias, jenerali mwenye umri na tahadhari, alipinga. Aliposhindwa akajaribu ujanja: akataja jeshi kubwa na gharama kubwa ajabu, akitumaini watu wataogopa. Wakazidi kuwaka. Vijana walitamani kuona nchi za mbali. Askari wa kawaida walihesabu mshahara wa leo na himaya itakayowalipa siku zote. Na wale wachache waliokuwa na mashaka walinyamaza, wakihofia kwamba wakiinua mkono wa kupinga wataonekana wasioutakia mji mema. Nadhani kila mtu aliyewahi kukaa katika mkutano wa kijiji au wa chama anaufahamu ukimya huo.

Miaka miwili baadaye jeshi hilo lilikuwa limekwisha. Mateka wasiopungua 7,000 walitupwa katika machimbo ya mawe ya Sirakusa, mji mkubwa wa Sisilia, jua mchana, baridi usiku, maiti zikirundikana kati ya walio hai, na kwa muda wa miezi minane mgawo wao ulikuwa kikombe kimoja cha maji na viwili vya nafaka kwa siku. Habari zilipofika Athene, wananchi waliwakasirikia wanasiasa waliochochea safari ile, kana kwamba, anaandika Thucydides, si wao wenyewe walioipigia kura.

Lakini fedha na ukimya haviniridhishi. Vinaeleza kwa nini mtu angependa vita; havielezi kwa nini angeinua mkono ili watoto wa mji mwingine wapelekwe mnadani. Kwa hilo inabidi tutoke Pnyx twende majumbani.

Mwanamume wa Athene aliyekufa vitani alipata kifo kilichotandikiwa zulia. Mifupa yake ililetwa nyumbani, ikawekwa katika jeneza la mbao za msipresi pamoja na ya wenzake wa kabila lake, yaani fungu lake la raia wa Athene: majeneza kumi, kabila kumi, na machela moja tupu iliyopambwa kwa ajili ya wasiopatikana. Mji mzima ulisindikiza. Jina lake lilichongwa kwenye jiwe. Msemaji mashuhuri alihutubia, na watoto wake walilelewa kwa gharama ya mji. Wa kiume walipokua walipitishwa mbele ya watazamaji katika ukumbi wa tamthilia wa mungu Dionysus, wamevikwa silaha walizopewa na serikali. Hicho ndicho kifo ambacho mpiga kura alihatarisha. Ni kifo kibaya, naam, lakini ni kifo chenye jina.

Yaliyowapata wanawake na watoto wa mji ulioshindwa hayakuwa na jeneza wala jiwe. Yalikuwa bei. Na kuhusu hayo mpiga kura hakuwa na haja ya kukisia, kwa sababu bidhaa hiyo alikuwa nayo nyumbani kwake. Mwanamke aliyemsagia nafaka, mtumishi aliyembebea ngao njiani, wachimbaji wa fedha waliotambaa katika mashimo ya Laurion, wengi walikuwa watu waliouzwa, na baadhi yao waliuzwa baada ya mji wao kushindwa. Mahakamani, kwa kanuni, ushahidi wa mtumwa ulikubaliwa tu ukiwa umetolewa chini ya mateso. Mwili wa raia haukuguswa. Mpaka kati ya mtu na mtu ulichorwa pale, juu ya ngozi: nani anaruhusiwa kupigwa na nani haruhusiwi.

Hapa ndipo hoja ya vijiweni inapovunjika. Tunadhani hatari ya kufa inamfanya mtu aone thamani ya uhai wa mwingine. Kwa Mwathene hatari hiyo ilimfundisha thamani ya uraia. Alijifunza kwamba kati yake na soko la watumwa umesimama ukuta wa mji na safu ya ngao, basi, na kwamba watu wa upande wa pili wa ukuta ni watu ambao jambo hilo linaweza kuwapata. Kila mtumwa aliyepita mbele yake asubuhi alikuwa somo. Na wanawake wake mwenyewe, ambao ndio wangepelekwa mnadani siku ukuta ukianguka, hawakuwa na mkono wa kuinua. Pericles, kiongozi mashuhuri wa Athene, katika ile hotuba yake ya mazishi ya mwaka wa kwanza wa vita, aliwaachia wajane maneno machache mno: sifa yao kubwa ni kutosemwa sana na wanaume, kwa uzuri au kwa ubaya. Hotuba hiyo inasifiwa dunia nzima. Kila nikifika mahali hapo naona haya kwa niaba yake.

Wasparta wasije wakajisifu kwa sababu hawakuwa na Pnyx. Kwao unyanyasaji haukuhitaji kura. Mwaka ule ule wa Mitilene waliuteka mji mdogo wa Plataea, wakawaita mateka mmoja mmoja na kuwauliza kama waliwahi kuwatendea Wasparta na washirika wao jema lolote katika vita hivi. Aliyesema hapana, na nani angesema ndiyo, alipelekwa kuuawa, hawakupungua 200. Na maheloti, wakulima wao waliofungwa kwenye ardhi, waliwahi kutangaziwa wachague kati yao mashujaa wanaostahili uhuru. Walichaguliwa wapatao 2,000, wakavikwa mashada, wakazunguka mahekalu wakishangilia. Kisha wakatoweka. Hakuna aliyejua kila mmoja aliuawaje.

Tofauti ni kwamba Athene iliweza kusikia hoja kabla ya kuua, na hata kuirudia kesho yake. Diodotus, aliyeiokoa Mitilene kwa hotuba, hakuomba huruma. Alisema hata kama watu hao wana hatia kubwa, swali ni faida: ukiwaua wote, mji utakaofuata kuasi utapigana mpaka wa mwisho, na magofu hayalipi kodi. Mikono ilihesabiwa, ikakaribia kulingana, na upande wake ukapata kidogo zaidi. Thucydides anasema watu walikuwa wameamka asubuhi na majuto, wakaona azimio la jana ni la kikatili. Majuto yaliwafanya waitishe mjadala wa pili; lakini ndani ya mjadala hakuna aliyethubutu kuyatumia kama hoja. Jambo hilo limenisumbua kuliko ukali wa Cleon. Huruma ilikuwepo, ila haikuwa na lugha ya kusimama nayo jukwaani.

Ndiyo maana haikushinda mara nyingine. Mji wa Skione uliasi, mwaka 421 KK ikatekwa, wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakafanywa watumwa, ardhi wakapewa Waplataea waliosalia, yaani wahanga wa jana wakakalishwa kwenye vitanda vya wahanga wa leo. Mwaka 413 KK Athene iliwarudisha kwao askari 1,300 wa kukodi kutoka Thrace, waliochelewa msafara wa Sisilia na ambao kila mmoja alidai drakma moja kwa siku. Gharama ilikuwa kubwa. Mwathene aliyewasindikiza aliagizwa awatumie kuwadhuru adui njiani. Walifika mji mdogo wa Mycalessus alfajiri, wakaua wazee, wanawake, hata wanyama, wakaingia shule kubwa ya mji ambamo wavulana walikuwa ndiyo kwanza wameketi, wakawaua wote. Tunasema vita havina macho. Vya Mycalessus vilianzia kwenye daftari la hesabu.

Na Melos. Kisiwa kidogo, chenye asili ya Sparta, kilichotaka kubaki nje ya ugomvi. Mwaka 416 KK Waathene walifika na meli 38. Wakuu wa Melos hawakuwaruhusu wajumbe waseme mbele ya watu wote; walizungumza faraghani, na ndipo yalipotoka maneno ambayo hunukuliwa hadi leo, kwamba wenye nguvu hufanya wanaloliweza na wanyonge hukubali wanalolazimika. Thucydides hakuwapo; alikuwa uhamishoni, na mazungumzo ameyapanga kwa mkono wake. Matokeo hakuyapanga yeye. Kisiwa kilijisalimisha majira ya baridi. Wanaume waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa, na walowezi 500 wakapelekwa kukaa humo. Safari hii hapakuwa na meli ya pili.

Miezi michache baadaye, katika tamasha la Dionysus la mwaka 415 KK, mshairi Euripides alionyesha tamthilia kuhusu wanawake wa Troya siku ya mwisho ya mji wao, waume wamekufa, wao wakigawanywa kwa washindi kama ng’ombe. Watafiti wanabishana kama aliikusudia Melos, maana huenda alianza kuiandika kabla kisiwa hakijaanguka. Sioni kwamba ubishi huo unabadilisha lolote. Waliokaa kwenye mabenchi ni wale wale wa Pnyx, na wengine wao huenda nyumbani walikuwa na mtumwa mpya kutoka Melos. Walitazama, na tamthilia zake zikapewa nafasi ya pili. Ni mwaka huo huo walipopigia kura Sisilia. Hawakukosa uwezo wa kulia. Walijengewa ukumbi maalumu wa kulilia.

Mwisho ulikuja mwaka 405 KK. Lysander wa Sparta aliinasa karibu meli zote za Athene ufukweni Aegospotami. Xenophon, mwanahistoria Mwathene aliyeendeleza simulizi la Thucydides, anaandika kwamba Waathene walikuwa wameazimia, kama wangeshinda, kuwakata mateka wote mkono wa kulia. Walioshinda wakawachagua Waathene kati ya mateka, wakawaua.

Habari zilifika Piraeus usiku. Kilio kilipanda kutoka bandarini, kikapita katikati ya zile kuta ndefu hadi mjini, mtu akimpasha mwenzake. Usiku ule hakuna aliyelala. Waliwalilia waliokufa, anasema Xenophon, lakini zaidi walijililia wenyewe, wakiamini watatendewa waliyoyatenda, na majina walikuwa nayo: Melos, Histiaea, Skione, Torone, Aegina, na wengine wengi. Mwosha huoshwa. Hakuna aliyehitaji kukumbushwa orodha. Miaka yote ile walikuwa wanaijua kwa moyo.

Asubuhi walifanya mkutano, wakapiga kura ya kuziba bandari zote isipokuwa moja na kukarabati kuta. Njaa iliwashinda mwaka uliofuata. Korintho na Thebes, washirika wa Sparta, zilitaka Athene ifutwe. Sparta ikakataa, ikisema mji ule uliitendea Ugiriki jema kubwa wakati wa hatari ya Waajemi. Kuta zikabomolewa kwa muziki wa wasichana wapiga zumari.

Kabla ya hapo, akiwa njiani kuja Athene na meli zake, Lysander alikuwa amewarudisha Wamelos kisiwani kwao, wale walioweza kukusanywa. Ilikuwa imepita miaka kama kumi. Wanaume wazima wa kisiwa walikuwa wameuawa, kwa hiyo wengi waliorudi lazima walikuwa ama wanawake, ama watu waliouzwa wakiwa watoto na kukulia katika nyumba za wengine.